Mwongozo kamili: kuchagua valvu mpya za nguvu kwa amplifaya ya zamani ya besi

Makosa ni yaleyale kila mara. Mtu ana amplifaya ya besi ya miaka ya 60 au 70, sauti imefifia au fyuzi inakatika. Anasikia kwamba valvu za nguvu (zile chupa kubwa za kioo zinazosukuma spika) za aina ya KT88 ndizo zenye nguvu, anaagiza jozi kwa pesa nyingi, anazichomeka, na wiki haijaisha zimekufa kama zile za kwanza. Mara nyingine zinaondoka na transfoma, na transfoma ya amplifaya ya 1968 huikuti dukani Mombasa wala Nairobi.

Amplifaya ndiyo inayoamua valvu gani iingie, na mara nyingi ndiyo iliyoziua zile za zamani. Kwa hiyo kazi inaanza kwenye amplifaya. Kununua kunakuja hatua ya sita.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua chochote

- Mita ya dijitali inayopima hadi volti 1000 za DC, yenye nyaya nzima zisizo na mpasuko.
- Rezista ya omu 10,000, wati 10, iliyolehemiwa nyaya mbili ndefu zenye klipu za mamba. Hii ni ya kutoa chaji.
- Rezista za omu 1, wati 1, usahihi wa asilimia 1: moja kwa kila valvu ya nguvu.
- Taa ya filamenti ya wati 100 kwenye holda, iliyofungwa mfululizo na waya wa moto wa soketi ya ukutani. Kwa amplifaya ya wati 100 na zaidi, tafuta taa ya wati 150 au 200. Taa ya LED haifai hapa hata kidogo.
- Spika au rezista ya mzigo yenye omu zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 99, brashi ndogo ya kusafishia katikati ya meno, na sindano nyembamba.
- Chuma cha kulehemu, lehemu, bisibisi, na mchoro wa saketi ya amplifaya yako hasa.

Mchoro huo usikose. Jina la amplifaya pekee halitoshi, kwa sababu viwanda vilibadilisha saketi bila kubadilisha jina.

## 1. Toa chaji yote

Ndani ya amplifaya ya wati 50 kuna volti 430 hadi 480 za DC. Ndani ya Ampeg SVT zinakaribia 700. Kapasita hushika chaji hiyo hata baada ya kuchomoa plagi, na inaua.

Chomoa plagi. Klipu moja ya rezista ya kutoa chaji ishike chesisi (fremu ya chuma ya amplifaya), nyingine iguse chanya ya kapasita kubwa ya kwanza kwa nusu dakika, halafu rudia kwa kila kapasita kubwa. Pima kwa mita.

Mambo matatu usiyavunje. Mkono mmoja ukiwa ndani, mwingine uwe nyuma ya mgongo. Usifanye kazi hii peku wala ukiwa na pete. Na futa jasho: ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na mchana wa kaskazi mikono hailowi mara moja tu. Kama hujawahi kufanya kazi ndani ya saketi ya volti 400, soma hadi mwisho ili ujue la kununua na la kumwambia fundi, kisha mwachie yeye mita.

Ukifaulu: mita inasoma chini ya volti 5 kwenye kila kapasita kubwa.

## 2. Jua amplifaya yako inataka valvu gani

Usiangalie valvu zilizomo na kununua zinazofanana nazo. Huenda aliyetangulia ndiye aliyekosea. Soma mchoro, kisha linganisha na kibandiko cha ndani ya kabati au chesisi.

Aina utakazokutana nazo zaidi kwenye amplifaya za besi ni hizi, pamoja na mkondo ambao hita ya kila moja (waya wa ndani unaoipasha moto) inavuta kwa volti 6.3 na wati ambazo anodi yake (sahani ya nje inayopokea mkondo) inavumilia:

- 6L6GC: ampia 0.9, wati 30
- EL34: ampia 1.5, wati 25
- 6550: ampia 1.6, wati 35
- KT88: ampia 1.6, wati 42
- 7027A: ampia 0.9, wati 35

Namba ya kwanza ndiyo inayounguza transfoma. Chukua Fender Bassman ya wati 50: 6L6GC mbili zinavuta ampia 1.8 kwenye hita. Ukiweka KT88 mbili, zinavuta 3.2. Hizo ampia 1.4 za ziada zinatoka kwenye waya wa transfoma ambao haukufungwa kwa mzigo huo. Itawaka, itapiga, pengine usiku mzima, huku ndani insulesheni ikipikika polepole. Na wala hupati sauti kubwa zaidi, kwa sababu nguvu inayotoka inategemea transfoma na volti zilizomo.

Herufi za mwisho nazo zina uzito. 6L6GB ina pini sawasawa na 6L6GC lakini anodi yake inavumilia wati 19 tu. Ndani ya Bassman haitadumu. 6V6 pia inaingia kwenye soketi hiyohiyo, na anodi yake inaishia kwenye wati 12 hadi 14.

Kisha kuna mtego wa pini. Kwenye EL34, pini ya 1 ni gridi ya tatu (gridi ni waya za ndani zilizo kati ya hita na anodi) na lazima iunganishwe na pini ya 8. Kwenye 6L6GC pini ya 1 haina kazi ndani ya kioo, ndiyo maana Fender waliitumia kama kituo cha kufungia rezista ya 1.5k inayokwenda gridi. Ukichomeka EL34 hapo bila kubadilisha nyaya, gridi ya tatu inapata volti za bayasi, yaani volti hasi zinazowekwa kwenye gridi ya kwanza ili valvu isivute mkondo kupita kiasi. 7027A nayo ina pini zake: 1 na 4 ni gridi ya pili, 5 na 6 ni gridi ya kwanza. Katika amplifaya iliyotumia pini 1 na 6 kupitisha umeme huo, 6L6GC ya kawaida inaweza kukaa kimya kabisa.

Mifano miwili inayopoteza watu. Ampeg SVT za mwanzo, kuanzia 1969, zilitumia 6146B, ambayo ina kofia ya anodi juu ya kioo. Baadaye zikahamia 6550. Ukiona waya zenye kofia zinaning'inia juu ya valvu, usinunue 6550. Marshall Super Bass nayo kwa kawaida ni EL34, lakini nyingi zilizouzwa Marekani miaka ya 70 zilitoka na 6550. Tazama rezista zinazoshusha gridi kwenye bayasi: 220k kwa kawaida ni ya EL34, 150k ni ya 6550.

Ukifaulu: umeandika kwenye karatasi aina moja ya valvu na idadi yake, na unaweza kuonyesha kwenye mchoro kwa nini ni hiyo.

## 3. Umeme wa ukutani

Kenya tuna volti 240, hezi 50. Amplifaya nyingi za zamani zilizotoka Ulaya zina swichi ya 220. Ukiiacha hapo, volti za hita zinapanda kutoka 6.3 hadi karibu 6.9, na hapo umefika ukingoni mwa asilimia 10 inayoruhusiwa. Umeme ukizidi 240 kidogo tu, umepita. Hamisha kwenye 240.

Ya Marekani ilitengenezwa kwa volti 117 au 120 na hezi 60. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hapa chagua inayotoa 110 badala ya 120. Kwenye hezi 50 kiini cha transfoma hujaa mapema na kuchemka zaidi. Volti zikipungua kidogo kinapumua. Hita itapata karibu volti 5.9, kiasi ambacho bado ni salama. Nguvu ya transfoma hiyo ya nje iwe angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Ikiwa amplifaya hiyo bado ina waya wa plagi wenye nyuzi mbili, badilisha uwe wa nyuzi tatu na ya ardhi ishikwe kwa boliti kwenye chesisi. Ondoa pia kapasita iliyofungwa kati ya waya wa umeme wa ukutani na chesisi. Ikipasuka, chesisi nzima inakuwa na umeme, pamoja na nyuzi za gitaa. Hakikisha transfoma ya nje inapitisha ardhi. Nyingi za bei rahisi hazipitishi.

## 4. Tafuta kilichoua valvu za zamani

Hapa ndipo wengi wanaruka, na ndipo pesa zinapopotea. Valvu ya nguvu iliyotunzwa inadumu miaka. Iliyokufa ghafla kwa kawaida imeuawa.

Anza kwa macho. Doa la fedha ndani ya kioo likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekwisha. Mwanga wa samawati unaong'ang'ania ukuta wa kioo ni kawaida. Mwanga wa zambarau au waridi katikati ya sahani ni gesi: itupe.

Ikiwa valvu za zamani bado zinawaka, zima taa ya chumba na uangalie sahani za anodi. Zote zinatakiwa kubaki na rangi yake ya kijivu au nyeusi. Moja ikianza kuwa nyekundu, zima papo hapo. Acha ipoe, badilishana nafasi na jirani yake, washa tena. Wekundu ukihama na valvu, valvu ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye soketi ileile, tatizo ni la amplifaya, na valvu mpya itakutana na hatima hiyohiyo.

Sasa pima bayasi:

1. Toa valvu zote za nguvu, acha zile ndogo za mbele. Spika ibaki imeunganishwa.
2. Washa kupitia taa ya filamenti. Itawaka kwa nguvu kisha ififie. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, zima.
3. Ondoa taa kwenye mstari, washa moja kwa moja. Klipu hasi ya mita ishike chesisi.
4. Pima pini ya 5 ya kila soketi. Amplifaya ya Fender yenye 6L6GC kwa kawaida inasoma kati ya volti hasi 45 na hasi 55.
5. Pima pini ya 3 na ya 4 za kila soketi. Zote ziwe na volti za juu, na zitakuwa juu kuliko kawaida kwa sababu hakuna valvu inayovuta. Usiache hivyo zaidi ya dakika chache.

Soketi zote zisitofautiane zaidi ya volti 1 kwenye pini ya 5. Moja ikisoma hasi 35 wakati jirani yake ni hasi 50, kapasita inayoleta sauti kwenye gridi hiyo inavujisha volti chanya. Huyo ndiye muuaji wa mara nyingi zaidi katika amplifaya za umri huu. Badilisha kapasita zote mbili za pande hizo, za thamani ileile, volti 600 au 630.

Zikiwa zote zimeshuka pamoja, lawama ni ya kapasita ya bayasi, ile ndogo ya elektroliti. Ibadilishe na ya volti 100, na uwe mwangalifu: upande wake chanya unakwenda ardhini. Ukiigeuza itapasuka, na ikipasuka valvu zote zinabaki bila bayasi.

Pini ya 4 isiyo na volti maana yake rezista ya gridi ya pili imekatika. Mara nyingi hukatika kwa sababu valvu ya zamani ilipiga shoti. Fender hutumia omu 470. Nunua ya wati 3 au 5 hata kama ya awali ilikuwa ya wati 1.

Ukifaulu: pini ya 5 ya soketi zote ina volti hasi zinazolingana, pini ya 3 na ya 4 zote zina volti za juu, na hakuna kinachonuka.

## 5. Soketi na chumvi ya bahari

Kuanzia Mji wa Kale hadi Likoni na Nyali, hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Chumvi hiyo hushika kwenye vibanio vya soketi, ukinzani unapanda, pini ya hita inachemka, na pini ya 5 isiposhika vizuri valvu inakosa bayasi na kuwa nyekundu hata kama saketi ni nzima.

Toa chaji tena kama hatua ya 1. Lowesha brashi kwa spiriti, sugua kila tundu, acha ikauke saa nzima. Kisha kwa ncha ya sindano bana kidogo kila kibanio ili kishike pini kwa nguvu.

Angalia kati ya pini ya 2 na ya 3. Ya 2 ni hita, ya 3 ni anodi yenye mamia ya volti, na zimekaa bega kwa bega. Ukiona mstari mweusi wa kaboni kati yake, usiukwangue. Umeme umeshapata njia na utairudia. Badilisha soketi, weka ya kauri.

## 6. Nunua

Sasa unajua aina, idadi, na kwamba amplifaya haitaziua. Muulize muuzaji mambo mawili, na usilipe kabla hajajibu.

La kwanza: zimelinganishwa? Valvu mbili za pande mbili za transfoma zinatakiwa kuvuta mkondo unaokaribiana. Zikitofautiana sana kiini cha transfoma ya sauti kinajaa upande mmoja, unapata mvumo, na noti za chini ndizo za kwanza kupoteza uzito. Kwenye besi hasara hiyo inasikika mapema kuliko kwenye gitaa la solo. Tofauti ya miliampia 3 haina neno, 5 ni mpaka. Kwa amplifaya ya valvu nne, agiza nne zilizolinganishwa pamoja.

La pili: zimepimwa miliampia ngapi, kwa volti ngapi? Baadhi ya amplifaya hazina potenshomita (kirekebishi cha kuzungusha) ya bayasi, na nyingine zina ya kusawazisha pande mbili tu. Hapo huna njia ya kupandisha wala kushusha bila kubadilisha rezista, hivyo chagua valvu zilizopimwa katikati, zisiwe za mkondo mkubwa.

Jina kwenye kioo lisikuyumbishe. Tung-Sol, Mullard na Genalex Gold Lion zinazouzwa mpya leo zinatoka kiwanda kimoja cha Saratov, Urusi. JJ zinatengenezwa Čadca, Slovakia. Zote zinaweza kupiga kazi. Akiba za zamani za RCA au Mullard halisi ni nzuri, lakini alama ya kioo inafutwa na kuchapwa upya kwa urahisi, na kwa besi ya jukwaani tunaona pesa hiyo ina faida zaidi kwenye kapasita mpya na valvu moja ya akiba kwa kila upande.

Zikisafirishwa kwa basi kutoka Nairobi, mwambie anayetuma azifunge moja moja, kisha aweke sanduku ndani ya sanduku. Zikifika, zitikise kidogo karibu na sikio: chembe inayocheza ndani ya kioo si dalili nzuri. Zirudishe kabla hujazichomeka. Za akiba zihifadhi kwenye mkebe usiopitisha hewa pamoja na pakiti ya kukausha unyevu.

## 7. Zichomeke na uwashe kwa taa

Kabla ya kuzichomeka, lehemu rezista ya omu 1 kati ya pini ya 8 ya kila soketi na ardhi, mahali palipokuwa na waya mtupu. Kwa EL34, pini 1 na 8 zibaki zimeungana, kisha rezista ianzie hapo. Zungusha potenshomita ya bayasi hadi volti ziwe hasi kabisa, ili valvu zianze zikivuta kidogo.

Mwinuko wa plastiki katikati ya valvu uelekee mfereji wa soketi. Shika plastiki, usisukume kioo. Plastiki ikiwa imevunjika valvu inaweza kuingia kombo, na hilo huua transfoma kwa sekunde.

Spika imeunganishwa? Angalia tena. Bila mzigo, transfoma ya sauti inarusha volti zinazotoboa insulesheni yake.

Washa kupitia taa, subiri dakika moja hita zipate moto, ndipo ufungue swichi ya pili ya kuruhusu volti za juu ikiwa ipo. Taa ififie. Iondoe, washa tena, pima kati ya pini 2 na 7 kwa AC: lazima usome kati ya volti 5.7 na 6.9.

## 8. Weka bayasi

Kwa rezista ya omu 1, kila milivolti 1 unayosoma kati ya pini ya 8 na chesisi ni miliampia 1. Hesabu yake ni fupi: wati za anodi mara 0.6, gawanya kwa volti za pini ya 3.

6L6GC kwenye volti 430: 30 × 0.6 = 18; 18 ÷ 430 = miliampia 42. EL34 kwenye volti 450: 25 × 0.6 = 15; 15 ÷ 450 = miliampia 33.

Wapiga gitaa hupenda 0.7. Kwa besi tunashauri 0.6: sauti inabaki safi na transfoma haichemki. Joto la Mombasa lenyewe haliui valvu, kwa sababu kioo chake kinapita nyuzi 200 kikifanya kazi. Kinachoumia ni transfoma na kapasita, hasa amplifaya ikibanwa ukutani kwenye ukumbi usio na feni.

Zungusha taratibu, subiri nusu dakika, soma. Mkondo ukipanda, volti za anodi zinashuka, hivyo pima pini ya 3 upya na urudie hesabu. Mkondo unaousoma una karibu asilimia 5 za gridi ya pili, kwa hiyo 44 kwenye mita ni takriban 42 za anodi.

Ikiwa saketi yako haina bayasi ya volti hasi, na pini ya 8 inapitia rezista ya mamia ya omu, valvu zinajipanga zenyewe. Usiguse rezista hiyo wala usiongeze ya omu 1. Pima volti zake, gawanya kwa omu zake, kisha gawanya kwa idadi ya valvu zinazoitumia.

Ukifaulu: kila valvu iko ndani ya miliampia 5 na mwenzake, usomaji hautambai kwenda juu kwa dakika 15, na gizani hakuna sahani nyekundu.

## 9. Kabla ya kuipeleka jukwaani

Piga besi kwa nusu saa, ukipandisha sauti hatua kwa hatua, na ushikilie noti ndefu za waya wa E. Gonga kila valvu taratibu kwa penseli ya mbao. Mlio kidogo unavumilika, mlio wa kengele unaoendelea haufai. Zima, subiri dakika 20, gusa transfoma: ikiwa mkono hauwezi kukaa hapo sekunde 5, rudi hatua ya 8.

Pima bayasi tena baada ya saa 10 hadi 20 za kupiga, maana valvu mpya hubadilika kidogo mwanzoni. Andika usomaji, volti za anodi na tarehe kwenye karatasi, uibandike ndani ya kabati kwa ajili ya fundi atakayefuata.